Diwani Iliyoshonwa Ili Ifumuliwe: Uchambuzi wa Kisa cha Mshairi na Wajakazi 12 wa Penelope

Kisa hiki kinahusu diwani ya kwanza ya mshairi mmoja, yenye kurasa 44, ambayo mtunzi aliichapa kwa printa ya nyumbani, akaikunja, akaitoboa na kuishona kwa mkono wake bila kupitia kwa mchapishaji yeyote. Mashairi yake yote yametokana na Odyssey, utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, wenye vitabu 24, hasa sehemu zinazomhusu Penelope, mke aliyemngoja mumewe Odysseus arudi kutoka vita vya Troya kwa miaka 20. Vitabu vilivyoshonwa kwa mkono ni vingi, na katika vingi vyao kazi ya mkono ni pambo tu: kitabu kilekile kingechapwa kiwandani na msomaji asingepoteza lolote la maana. Diwani hii ni tofauti, kwa sababu mshono wake ndio usomaji wake wa kisasili. Ndiyo maana nimeona inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, pamoja na mahali ilipokosea.

Hila ya Penelope inajulikana sana. Waposaji 108 walijaa nyumbani mwake wakimshurutisha aolewe upya, naye akawaomba wasubiri amalize kufuma sanda ya mkwewe, Laertes. Mchana alifuma, usiku alifumua kwa mwanga wa mienge, akawahadaa kwa miaka mitatu mpaka alipofichuliwa katika mwaka wa nne. Jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama ni kwamba utenzi unakisimulia kisa hiki mara tatu, kila mara kwa kinywa kingine. Katika kitabu cha 2 anakisimulia Antinous, mmoja wa waposaji, kwa hasira ya mtu aliyechezewa. Katika kitabu cha 19 Penelope anakisimulia mwenyewe mbele ya mgeni fukara, asijue kuwa mgeni huyo ni mumewe. Katika kitabu cha 24 kinasimuliwa na mzimu wa Amphimedon, mposaji aliyeuawa, akiwa tayari kuzimu. Masimulizi hayo matatu yanafanana karibu neno kwa neno, ila yanahitilafiana katika jambo moja zito. Wanaume wawili wanasema siri ilitolewa na mwanamke mmoja aliyeijua vizuri. Penelope anawalaumu wajakazi kwa wingi.

Mshairi wetu alianzia kwenye hitilafu hiyo, na naona hapo ndipo alipoonyesha jicho lake. Ikiwa aliyetoa siri alikuwa mmoja, kwa nini waliokufa ni 12? Katika kitabu cha 22, baada ya waposaji kuuawa, yaya mzee Eurycleia anamweleza Odysseus kwamba nyumba ina wajakazi 50 na kwamba 12 kati yao walikosa adabu. Hao 12 wanaitwa, wanabebeshwa maiti za waposaji hadi nje, kisha wanaamriwa kusafisha meza na viti kwa maji na sponji. Odysseus ameagiza wauawe kwa upanga. Telemachus, mwanawe, anakataa kuwapa kifo safi cha namna hiyo, anafunga kamba ya merikebu kwenye nguzo na kuwanyonga wote katika kamba hiyo moja. Homer anawafananisha na ndege walionasa kwenye wavu wakati wakirudi kulala, na anasema miguu yao ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Katika tukio hilo hakuna hata mmoja anayetajwa kwa jina. Wakati wote huo Penelope yuko ghorofani, amelala usingizi aliotiwa na Athena, mungu wa kike anayemsaidia Odysseus, na anapoamshwa katika kitabu cha 23 analalamika kwamba hajapata kulala vizuri namna ile tangu mumewe aende Troya.

Mtu anayetaka kuandika mashairi kuhusu Penelope leo hana budi kujua kwamba njia hii imekanyagwa. Ovid, mshairi wa Kirumi, alimpa Penelope sauti yake takriban miaka 2,000 iliyopita, katika barua ya kwanza ya Heroides, mashairi yaliyoandikwa kama barua za wanawake wa visasili. Mwandishi wa Kanada Margaret Atwood aliwapa wajakazi 12 sauti katika riwaya yake ya mwaka 2005, The Penelopiad, ambamo wanaimba kwa pamoja kama kundi la waimbaji wa tamthilia ya Kigiriki. Kusema tu kwamba wanyonge sasa wanazungumza hakutoshi tena kuwa sababu ya kuandika diwani. Mshairi alilielewa hilo, na swali alilojiuliza likawa la ufundi zaidi: je, wajakazi wanaweza kuwa 12 walio mbalimbali, kila mmoja na ukurasa wake, huku wamefungwa na uzi mmoja ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuchagua?

Jibu lake lilikuwa kugawa kitabu katika mafungu matatu ya karatasi zilizokunjwa. Fungu la kwanza lina kurasa 16 na linakwenda hadi usiku wa mazungumzo kati ya Penelope na mgeni. Fungu la tatu, nalo lenye kurasa 16, linaanza pale anapoamshwa. Katikati kuna karatasi tatu tu. Karatasi moja ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne, kwa hiyo karatasi tatu zilizopachikwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 12 kamili. Kila mjakazi ana ukurasa mmoja.

Hapa ndipo uhodari wa mpango wenyewe ulipo. Katika fungu kama hilo, kurasa zinazokaa upande mmoja wa karatasi si zile zinazofuatana katika usomaji. Upande wa nje wa karatasi ya nje unabeba ukurasa wa 12 kushoto na wa 1 kulia. Upande wake wa ndani unabeba wa 2 na wa 11. Karatasi ya kati ina wa 10 na wa 3, kisha wa 4 na wa 9. Karatasi ya ndani kabisa ina wa 8 na wa 5, kisha wa 6 na wa 7. Jumla ya kila jozi ni 13 daima. Kila mshona vitabu anaijua kanuni hii na huiona kama usumbufu wa kupanga kurasa kabla ya kuchapa. Mshairi aliigeuza kuwa umbo la shairi: aliandika kila jozi ili mishororo ya ukurasa wa kushoto iendelee moja kwa moja kwenye mishororo ya ukurasa wa kulia karatasi inapotandazwa. Kitabu kikiwa kimeshonwa, msomaji anasoma mashairi 12 mafupi. Akifungua uzi na kuzitandaza karatasi, anapata mashairi sita mapana ambayo hakujua kuwa yamo.

Jozi moja tu inaonekana bila kufumua chochote, ile ya ukurasa wa 6 na wa 7, kwa kuwa ndiyo katikati ya fungu na zote mbili ziko upande mmoja wa karatasi moja. Kwenye ukurasa wa 6 mjakazi anakamua sponji baada ya kufuta meza. Kwenye ukurasa wa 7 mwenzake anatazama kamba ikivutwa na kukazwa. Ukisoma kila ukurasa peke yake, ni wanawake wawili wasiotazamana. Ukisoma mshororo wa kushoto na kuvuka mkunjo hadi wa kulia, maji yanayotoka kwenye sponji yanaifuata kamba, na mtu anayekamua na mtu anayenyongwa wanakuwa katika sentensi moja. Uzi unapita juu ya mkunjo huohuo, kati ya maneno. Msomaji makini akifika hapo huanza kushuku kwamba kurasa nyingine nazo zina wenzao, na shuku hiyo ndiyo inayompeleka kwenye fundo.

Vilevile, ukurasa wa mwisho wa fungu la kwanza umeachwa mtupu, nao unatazamana na ukurasa wa mjakazi wa kwanza. Ndio usingizi wa Penelope. Upande wa pili, mjakazi wa 12 anatazamana na shairi la kuamka, ambamo Penelope anasifu usingizi wake. Sijui njia bora ya kumweka mwanamke huyo kwenye mizani bila kumhukumu wala kumtetea: yeye amelala ukurasa mzima, na msomaji anapofungua kitabu mahali hapo anauona utupu na mjakazi kwa mpigo mmoja.

Nakala za kwanza za majaribio hazikufanikiwa, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kuwa zinamkuta karibu kila anayeanza kazi hii. Mshairi alishona mafungu yote matatu kwa uzi mmoja unaoendelea, akivutiwa na fikra ya kamba ya Telemachus. Matokeo yake ni kwamba msomaji aliyefungua fungu la kati alilegeza kitabu kizima, na Penelope akatawanyika pamoja na wajakazi. Fikra ilikuwa nzuri ila ilipingana na kazi ambayo kitabu kilitakiwa kufanya. Suluhisho lilikuwa kulishona kila fungu peke yake kwenye mgongo wa jalada, kwa mshono rahisi wa matundu matatu: sindano inatoka ndani kwenda nje kupitia tundu la kati, inarudi ndani kupitia la juu, inashuka kwa ndani ikiliruka la kati hadi la chini, inatoka nje, kisha inarudi ndani kupitia la kati, na ncha mbili zinafungwa pamoja juu ya uzi mrefu uliolala kwenye mkunjo. Mafungu ya nje yalifungwa kwa fundo gumu. La wajakazi lilifungwa kwa kitanzi kinachofunguka kwa kuvutwa, na ncha za uzi zikaachwa ndefu kiasi cha kuonekana. Uzi ni wa kitani uliopakwa nta ili usichane karatasi. Awali ulikuwa mwekundu katika kitabu chote, jambo lililoufanya uwe mapambo ya damu. Ulipobadilishwa ukawa wa rangi ya kitani chenyewe, ulianza kuonekana kama kamba.

Kosa la pili lilikuwa la karatasi. Nyuzinyuzi za karatasi ya kiwandani huelekea upande mmoja, na kitabu hukunjika vizuri pale nyuzinyuzi hizo zinapokwenda sambamba na mgongo. Karatasi nyingi za kawaida za A4 zina nyuzinyuzi zinazofuata urefu wake, kwa hiyo ukizikunja katikati ili kupata A5, mkunjo unazikata kwa upana. Kurasa za nakala za kwanza zilikuwa ngumu, mkunjo ulichanika ukingoni na kitabu hakikukubali kufumba. Kwa diwani nyingine hilo lingekuwa dosari ya kuvumilika. Kwa hii lilikuwa balaa, kwa sababu karatasi zinatakiwa kutandazwa, kukunjwa tena na kurudishwa mahali pake, pengine mara nyingi. Mshairi aliishia kutafuta karatasi za vipimo vikubwa na kuzikata mwenyewe ili nyuzinyuzi zielekee inavyotakiwa. Kuutambua mwelekeo huo hakuhitaji kifaa: ukiikunja karatasi kidogo bila kuibana, upande mmoja hutii na mwingine husukuma mkono, na ukilowesha kipande chake, hujiviringisha kwa kufuata nyuzinyuzi.

La tatu lilikuwa ulinganifu wa mishororo. Printa ya nyumbani ikichapa pande mbili huweza kusogeza maandishi kidogo, na katika diwani ya kawaida hakuna anayetambua. Hapa kila mshororo wa kushoto ulipaswa kukaa kwenye mstari mmoja na mwenzake wa kulia, na mkunjo upite katikati kabisa ya nafasi iliyoachwa kati yao. Njia iliyofaa ilikuwa kuchapa karatasi bila kuikata kingo, kuikunja kwa kufuata alama ndogo zilizochapwa juu na chini, kisha kuzikata kingo baada ya fungu kukunjwa na kubanwa. Kulikuwa na karatasi nyingi zilizoharibika, na mtu anayepanga bei ya kitabu cha mkono anapaswa kuzihesabu hizo pamoja na saa za kazi, maana watunzi wengi huhesabu karatasi iliyofika kwa msomaji na kusahau iliyobaki sakafuni.

Ubishi mkubwa katika kisa hiki ulihusu namba za kurasa. Mshairi hakutaka namba katika fungu la wajakazi, akisema kwamba watu ambao Homer hakuwapa majina hawapaswi kupewa namba. Hoja hiyo ina nguvu na ninaiheshimu. Hata hivyo, kitabu kinachomwalika msomaji akifumue lazima kimwachie njia ya kukirudisha. Mfano unaonishawishi ni wa mshairi wa Marekani Emily Dickinson, ambaye alishona mashairi yake katika vijitabu 40 vilivyokutwa na dada yake baada ya kifo chake mwaka 1886. Katika kuyahariri, nyuzi za vijitabu hivyo ziliondolewa, karatasi zikachanganyika, na mpangilio alioutaka mwenyewe ukapotea kwa miongo kadhaa. Mwaka 1981 mtafiti R. W. Franklin alichapisha nakala za picha za vijitabu hivyo baada ya kuupanga upya mfuatano wao kwa kuchunguza vitu kama aina za karatasi, madoa na matundu ya sindano. Karatasi tatu si nyingi kama zake, lakini karatasi tatu zisizo na alama zinaweza kupachikwa kwa namna sita, na kila moja inaweza pia kugeuzwa ndani nje. Msomaji aliyekosea hatajua kuwa amekosea.

Muafaka uliopatikana ni kuweka, katika ukurasa wa mwisho wa fungu la tatu, orodha ya mishororo ya kwanza ya mashairi 12 kwa mfuatano wake. Kurasa zenyewe zilibaki bila namba. Naona hili ni jema kuliko namba, kwa sababu linamlazimu anayekirudisha kitabu katika hali yake kusoma tena mwanzo wa kila mjakazi ili ajue anakaa wapi.

Mahali ambapo sikubaliani na diwani hii ni pembeni mwa kazi yenyewe, na nitapapitia kwa haraka. Jalada la awali lilikuwa na nakshi za pembe zilizozoeleka kwenye kila kitu kinachotaka kuitwa cha Kigiriki, pamoja na mchoro wa mtungi. Viliondolewa, na jalada likabaki tupu likiwa na jina la kitabu na matundu tisa ya mshono mgongoni. Maelezo ya visasili mwishoni yalikuwa ya kurasa tatu na yakapunguzwa hadi aya moja mwanzoni inayoeleza yaliyotokea katika vitabu vinne vya utenzi. Katika kuyapunguza ilibainika kwamba shairi la Calypso, nimfu aliyemzuia Odysseus kisiwani kwake, halikusimama bila maelezo yake, nalo likatolewa. Ningetoa na la Circe, mchawi ambaye Odysseus alikaa kwake safarini, ambalo ni zuri ila linamrudisha msomaji baharini wakati kitabu kizima kimeamua kubaki nyumbani.

Kulikuwa pia na nukuu ya mwanzo iliyochukuliwa kutoka tafsiri ya kisasa ya Odyssey. Utenzi wa Homer hauna mwenye haki, lakini tafsiri ni kazi ya mtafsiri na ina ulinzi wake, na idadi ndogo ya nakala haibadilishi jambo hilo. Kuomba ruhusa kungewezekana. Mshairi aliona ni bora kuiondoa, na kitabu hakikupungukiwa. Kuhusu ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ile yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, hakuichukua, kwa kuwa anauza mkono kwa mkono na namba hiyo inahitajika hasa pale kitabu kinapoingia kwenye maduka na maktaba.

Swali lililobaki ni la toleo la pili, kwa sababu nakala za kwanza zimekwisha na wasomaji bado wanaomba. Mshairi alifikiria kupeleka kitabu kwa mchapaji anayebandika kurasa kwa gundi. Katika utaratibu huo migongo ya karatasi hukatwa na kila ukurasa hubaki peke yake na nyuma yake tu. Ukurasa wa 12 hauna tena uhusiano wowote na wa 1, na mashairi sita yaliyofichwa yanakufa yote isipokuwa lile la katikati. Alipendekeza basi ayachape mashairi hayo sita waziwazi, yakifuata yale 12. Nilimshauri asifanye hivyo, kwa kuwa kumkabidhi msomaji siri iliyokwisha kufichuliwa kunamwondolea tendo ambalo kitabu kinamtaka alifikirie: mkono unaofumua ni wa Penelope na pia ni wa yule aliyemfichua. Njia ya kati ni kuyabandika kwa gundi mafungu mawili ya Penelope, na kulifanya fungu la wajakazi kuwa kijitabu kidogo kilichoshonwa kwa mkono na kuingizwa mahali pake bila kubandikwa. Kazi ya mkono itapungua sana, karatasi tatu zitabaki na jozi zake, na ukurasa mtupu utaendelea kuwatazama. Hatari yake ni kwamba kijitabu kisichoshikizwa kinaweza kuanguka na kupotea kabla hakijasomwa, na mtu akamiliki diwani ya Penelope bila kujua kwamba kulikuwa na wajakazi. Kwa sasa mshairi anajaribu kukishikiza kwa mshono mmoja tu, kupitia tundu la kati.